Blogu Iliyosafiri na Viatu

Blogu ya darasa la mdogo wangu ilikuwa ikienda Mbarara ndani ya gunia tupu la viatu. Simu ya shule niliizungushia kitambaa, nikaitia ndani ya gunia, nikalikunja gunia na kulikalia njia nzima. Safari yangu ilikuwa Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ndipo wanapofungua marobota mapya sokoni Mbarara, na muuza viatu anayefika Ijumaa hukuta masalia.

Nauza viatu vya mitumba hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Nilianza mwaka mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia, kule Kivu ya Kusini, Kongo, kabla hatujavuka mpaka. Tulibaki wanne, mimi nikiwa mkubwa, na mkubwa hana wa kumtazama usoni amuulize tufanye nini. Nilikuwa darasa la tano. Sikufukuzwa wala sikufeli. Asubuhi moja nilienda sokoni badala ya shuleni, na jioni tulikula. Kesho yake nikaenda tena sokoni. Sijutii. Nilijiambia kwamba katika sisi wanne, wa kuacha shule ni mmoja, na huyo mmoja tayari amepatikana.

Kisha siku moja anayenifuata, ambaye ni msichana, akaniambia anataka kuacha. Alikuwa kidato cha pili. Tulikuwa nyuma ya nyumba tunasugua viatu.

“Yaya,” akasema, kwa maana ndivyo sisi tunavyomwita ndugu mkubwa, “shule ikifunga tu, miye naacha.”

“Unaacha nini?”

“Masomo. Kuko mama mumoja kule senta anasukaka nywele. Anataka nimusaidie, atanifundisha bure.”

“Na shule?”

“Wewe uliacha darasa la tano. Tunakula, tunavaa, nyumba iko na mabati. Kuacha kulikukosesha nini?”

Hakuna aliyewahi kunichapa kwa fimbo yangu mwenyewe namna ile. Ningeweza kumwamuru. Mimi ndiye baba na mama wa nyumba ile, na neno langu linasikilizwa. Lakini msichana mkubwa ukimwamuru kwenda shule, utapeleka mwili peke yake. Nilimwambia amalize muhula kwanza, kisha tutaongea. Nikaendelea kusugua soli ambayo ilikuwa imeshatakata.

Muhula ule ule alikuja mwalimu mpya wa Kiswahili. Alikuwa binti wa Kinyankore, mwenyeji wa eneo hili, amekisomea Kiswahili chuo kikuu, nasi kambini tunakizungumza tangu titi la mama. Watoto walijiandaa kumcheka. Aliwawahi. Siku ya kwanza alisema, “Kuongea mnanishinda. Kuandika nawashinda. Tutagawana.” Kisha akafungua blogu ya darasa, yaani ukurasa wao kwenye intaneti, ambao mtu yeyote popote alipo anaweza kuusoma na kuacha maoni yake chini.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alijisumbua hivyo wakati daftari zipo.

“Mtoto akijua nitasoma mimi peke yangu,” akanijibu, “ananiandikia mimi, na ameshajua naridhika na nini. Akijua atasomwa na mtu asiyemjua, hapo anaanza kueleza.”

Rafiki yake alikuwa anafundisha shule moja ya Mbarara, ambako watoto wanajifunza Kiswahili kama lugha ngeni. Hao ndio wangekuwa wasomaji wa kwanza. Kizuizi kilikuwa mtandao. Pale shuleni kwetu ulikuja kama mgeni asiyetaka kuketi: unamsogezea kiti, ameshaaga. Maneno machache yalipita, picha hazikupita kabisa. Watoto waliandika kwenye tableti chache za shule zilizochajiwa kwa sola, mwalimu akiketi nao kusahihisha, kisha kazi zote zikahamishiwa kwenye simu moja. Simu hiyo sasa ilihitaji mtu wa kuipeleka mjini kila wiki.

Alinijia mezani kwangu, katikati ya soko.

“Wewe ndiye mzazi wa yule msichana anayekaa dirishani?”

“Mimi ni kaka yake.”

“Kwenye kitabu cha shule umeandikwa mzazi.”

“Basi ni mzazi.”

Tulikuwa karibu rika moja, na alilitamka neno hilo bila kutabasamu. Wauzaji wa meza za jirani walitabasamu kwa niaba yake. “Mzazi! Njoo ulee hii ndala imekatika!” Tangu siku hiyo soko zima linaniita Mzazi.

Alinifundisha alasiri moja, nyuma ya jengo la madarasa. Fungua hapa, bandika hapa, soma upya, bonyeza. Kisha maoni yaliyokuja yahifadhi kwenye simu, uturudishie. Aliniuliza kama nimeelewa, nikamwonyesha badala ya kumjibu. Kazi ya mikono haijawahi kunishinda, na hii niliiona ni kazi ya mikono kama nyingine.

Kwa hiyo Alhamisi zangu zikapata mpango mpya. Kwanza sokoni kuchagua viatu kabla ya wengine, kisha kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi. Mwenye chumba alikuwa kijana wa hapo hapo Mbarara, Kiswahili chake cha kuokota barabarani. “Ssebo,” alikuwa akinipokea, yaani bwana, “leo watoto iko nasema nini?” Naye alikuwa anasoma. Nilipandisha kazi zote, nikakusanya maoni, na Ijumaa asubuhi mwalimu aliyatia kwenye tableti. Kila kundi lilisoma yaliyoandikwa chini ya kazi yake, na somo lenyewe likawa kujibu.

Mdogo wangu aliandika jinsi ninavyorudisha weupe wa soli za raba: majivu laini, dawa ya meno, mswaki wa zamani, jua. Aya mbili tu, ametimiza wajibu. Wiki iliyofuata alirudi nyumbani amevimba.

“Bale batoto ba Mbarara banauliza mambo ya kijinga!”

“Wanauliza nini?”

“Majivu ya nini? Ya mukaa ao ya kuni? Kwa nini jua? Kiatu cha ngozi je? Sasa si kila mutu anajua?”

“Hawajui. Ndiyo maana wameuliza.”

“Basi ni majivu ya nini?”

Nikamwambia ni ya kuni, kwa sababu ya mkaa huwa na chembe zinazokwaruza. Akaandika. Akauliza mbona wakati mwingine soli ikikaushwa juani inageuka njano. Hilo sikulijua; najua tu kwamba ukiisuuza vibaya inageuka. Akalipeleka kwa mwalimu wa kemia. Mwalimu wa kemia alimjibu, wale wa Mbarara wakauliza tena, naye akafuta aya zake mbili na kuandika upya zote. Nilimwona akiandika akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uji ukichemka hadi kumwagika, na wadogo zetu wawili wakimpigia kelele.

Shule ikafunga. Nilisubiri aniambie kuhusu mama wa kusuka nywele. Alisema tu kwamba bado kuna watu hajawajibu, kwa hiyo atarudi muhula mmoja zaidi, kisha ataona. Ndege akitua karibu nawe hupigi makofi.

Ndipo muhula wa pili kukaja maoni kutoka mbali. Mtu aliyewahi kuishi hapa Nakivale, ambaye sasa yuko Australia, aliiona blogu sijui kwa njia gani, akaandika mstari mmoja: amesoma kuhusu raba na amekumbuka nyumbani. Darasa lilishangilia. Watoto walikwenda na habari hiyo kwenye kila nyumba, na jioni ilikuwa imeshageuka sura. Ilisemwa kwamba blogu ya shule inasomwa na watu wa Australia. Kesho yake ikawa, inasomwa na wale wanaochukua watu kwenda Australia.

Anayeishi kwingine ataona ajabu. Hapa kambini, ukimsikia mtu akitaja kesi yake, anazungumzia faili lake la kuomba kuhamishiwa nchi ya tatu. Kuna waliosubiri tangu watoto wao wakiwa mgongoni, na leo watoto hao wana ndevu. Gari jeupe la shirika la wakimbizi likipita tu, kuna mtu anakwenda kubadilisha shati. Sikumcheka mtu. Aliyesubiri muda mrefu hivyo hutazama kila tundu la ukuta kama mlango.

Alhamisi iliyofuata kijana wa intaneti alinipokea kwa sura nyingine. “Ssebo, kitu yako imejaa.”

Nilifungua. Chini ya kazi ya vitunguu, chini ya kazi ya kuezeka nyumba, chini ya kila kazi, palikuwa na kesi. Kwa simu zao, mtandao ulipokubali maneno machache, watu walisimulia walivyokimbia, nani aliuawa, mtoto gani ni mgonjwa. Waliweka namba za kadi zao za familia na namba zao za simu. Chini ya soli za mdogo wangu, mara baada ya mtoto kuuliza ni dawa ya meno ya rangi gani, jirani yetu mmoja alikuwa ameandika hivi: yeye ni mjane, kesi yake imesimama, namba ya kadi ni hii, ya simu ni hii, anaomba akumbukwe. Na chini yake mwanafunzi wa Mbarara alikuwa amemjibu: “Mama, pole sana. Sisi ni wanafunzi wa kidato cha pili. Hatuna ofisi.”

Nilisoma hadi mwisho. Niliwatambua wote, hata wasiotaja majina. Mambo mengine niliyokuta pale sikuwahi kuyasikia kwa miaka yote tuliyochota maji pamoja. Nilimpigia mwalimu simu, na kwa idhini yake nikayaficha maoni yote na kufunga mahali pa kuandikia. Sikusita hata kidogo. Mtu akiwa ameacha nguo zake za ndani barabarani, humwombi mwenyewe ruhusa ya kuzifunika.

Lakini habari ilifika Nakivale kabla yangu. Gari lilipopita Masha, njiani, simu yangu ilianza kuita, na haikunyamaza hadi nashuka. Jirani yule mjane, mama wa Kirundi anayelima nyanya, alikuwa ananisubiri mezani kwangu.

“Wewe mutoto,” akasema, “nilikuona ukiwa mudogo, pua inatiririka. Mama yako nilimuosha mimi siku alikufa. Leo umetufungia mulango?”

“Mama, ule si mlango.”

“Si mulango? Mbona wewe uko nao ufunguo?”

Watu waliokuwa karibu waliguna. Mmoja akasema Mzazi anataka kesi yake ipite peke yake. Mwingine akasema ndiyo maana kila Alhamisi yuko Mbarara. Wiki hiyo sikuuza jozi hata moja kwa watu wa upande wetu.

Baadhi ya wazazi wakaanza kuwazuia watoto wao kuandika. Mkuu wa shule, mtu mwangalifu ambaye hapendi kelele, aliitisha mkutano wa wazazi Jumamosi. Alisema wazi: wazazi wakikataa, blogu inafungwa, na mwalimu atarudi kwenye daftari. Nyumbani, mdogo wangu alisikiliza habari hiyo huku akichambua maharage.

“Wakifunga,” akasema bila kuinua kichwa, “yule mama wa nywele bado ananingojea.”

Basi nilijua nakwenda mkutanoni kutafuta nini.

Tuliketi kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakigonga mbao. Mwalimu alieleza kwa upole kwamba blogu ni kazi ya darasa na haina uhusiano na ofisi yoyote. Walimsikiliza kwa heshima, na hawakumwamini. Mwalimu ni mwenyeji, si mkimbizi, atasemaje vingine? Mama wa nyanya akasimama.

“Mutu wa Australia alijibu ao hakujibu?”

“Alijibu, mama.”

“Basi inafika.”

Wengi walipiga makofi. Niliomba kusema. Nyuma yangu mtu akanong'ona, “Haya, Mzazi, lea,” na watu wakacheka. Nikaacha wacheke hadi wamalize.

“Inafika,” nikasema. “Mama amesema kweli. Inafika kwa yule mwema wa Australia, na inafika kwa kila mtu mwingine. Mimi niliandika namba yangu ya simu kwenye meza ya viatu, kwa rangi nyekundu. Wengi wenu mmeiona. Tangu hapo kuna watu wananipigia kuniambia nimeshinda gari. Sijacheza mchezo wowote. Hiyo ni meza tu, iko sokoni kwetu. Sasa nawauliza ninyi mlioandika namba zenu kule. Tangu mwandike, nani amepigiwa na mtu asiyemjua?”

Mama wa nyanya, ambaye alikuwa bado amesimama, akasema polepole, “Kuko bwana mumoja alinipigia.”

“Alisema ni nani?”

“Hakusema. Alisema faili langu liko mu mikono yake. Akasoma namba ya kadi yangu, yote, mpaka mwisho. Ndiyo nikaamini.”

“Akataka nini?”

“Nimutumie kidogo, faili litembee.”

“Ulituma?”

“Nilikuwa nangojea nyanya ziive.”

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja pembeni alitoa simu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. Mwanamke mwingine akasema naye amepigiwa. Kisha mwingine. Mama akaketi, akajifunika mdomo kwa kitenge.

Mwalimu hakupoteza wakati. Aliwaita wanafunzi waliokuwa wamejazana madirishani, akagawa zile tableti chache, zenye nakala za maoni yale, na kwa kupokezana kila mtoto akakaa na mkubwa wa nyumba yake kumwonyesha kile mkubwa mwenyewe alichokuwa amekiandika, mahali kilipokaa, na watu ambao wangeweza kukiona. Mara ile ile tuliacha kuwa mkutano tukawa darasa. Wazazi waliuliza maswali ambayo watoto wa Mbarara wangeyafurahia. Ukifuta, kimekwisha kabisa? Aliyekwisha kusoma atasahau? Jibu la hilo la pili lilikuwa hapana, na watoto walilitoa bila kulipamba.

Baada ya hapo mkuu wa shule akauliza, “Sasa tufunge au tusifunge?”

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti sakafuni kando ya mama wa nyanya, akimshikia tableti. Akainuka.

“Musifunge. Maoni yakikuja, yasubiri kwanza. Mutu ayasome. Kama kuko jina, ao namba, ao kesi, hayapandi, yanarudi kwa mwenyewe na tunamueleza sababu.”

“Na nani atasoma yote hayo?” mkuu akauliza.

“Miye.”

“Mwaka ujao unaingia kidato cha tatu. Kazi itakuwa nyingi. Na mwaka unaofuata mtihani. Utaifanya kwa wiki mbili halafu utuachie?”

Nilishika ukingo wa dawati. Sikumtazama, kwa sababu kama ningemtazama angejibu ili kunifurahisha au kunikomoa, na sikutaka lolote kati ya hayo mawili.

“Nitakuwa hapa,” akasema. “Mpaka cha nne.”

Wazazi wakainua mikono. Si wote. Yule mzee aliyeitazama simu yake hakuinua, na tukikutana huniambia hadi leo kwamba niliziba tundu pekee lililokuwa na mwanga. Mama wa nyanya aliinua mkono kabla swali halijaisha, kisha akaniita nje, akanipa simu yake nimtolee laini ile akanunue nyingine. Hakuniomba radhi na mimi sikuwa nimeitaka. Aliniambia tu nimepungua, nile.

Mambo yakarudi kwenye mwendo wake, na sasa mdogo wangu alikuwa na madaraka. Nilimletea maoni yote kwenye simu, yeye akayapitia na mwalimu Ijumaa, na Alhamisi iliyofuata nikatumwa Mbarara na maamuzi: haya yapande, haya yafutwe. Alikuwa mkali. Mwanafunzi wa Mbarara aliyeandika “nzuri sana” alirudishiwa aseme nini kilikuwa kizuri.

Wiki moja alipoandika kuhusu mkutano wenyewe, bila kumtaja mtu yeyote, niliketi pale kwenye chumba cha intaneti nikasoma hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza nikaandika maoni yangu mwenyewe. Nilichukua muda, kwa kidole kimoja. Niliandika kwamba mwandishi ni mdogo wangu, nikaweka jina lake lote, la nyumbani na la ubatizo, nikasema ni hodari, wamsome. Nikabonyeza, yakasubiri pamoja na mengine.

Ijumaa jioni alirudi, akaweka mfuko wa daftari chini.

“Yaya, yako imekataliwa.”

“Yangu? Mimi ni mzazi!”

“Ndiyo mbaya zaidi. Muzazi ndiye anajuaka majina yote.” Alikuwa anajizuia kucheka. “Uandike tena. Na useme nini ilikuwa nzuri.”

Alhamisi nikawa tena mbele ya mashine, gunia la viatu miguuni. Nilipandisha yaliyokubaliwa, kisha nikatafuta maoni yangu na kuyafuta. Kijana wa intaneti alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Ssebo, unafuta yako mwenyewe?”

“Msimamizi amekataa,” nikamwambia, nikaanza kuandika upya.